Kushoto kwa Kondo

Bango la mwisho la mume wangu liko Buguruni,
ukutani kwa muuza vipuri. Alipewa karatasi: HAKUNA NJIA.
Akapanda ngazi, akaandika NJIA,
herufi nyekundu zenye kivuli, nzuri kweli,
akashuka, akafuta brashi, akadai pesa yake.

Siku hiyo tulicheka.
Kesho yake akamwandikia Chausiku MKOPO LEO,
na kabla ya adhuhuri watu kumi na mmoja
walikuwa wamepanga foleni kwa sukari na unga.
Chausiku ndiye aliyesema: huyu mpelekeni Muhimbili.

Dakta Nsajigwa akammulika tochi.
"Macho hayana kosa, mama. Picha inaingia,
inasafiri hadi kisogoni, inafika.
Ila kuna mahali huku," akagusa juu ya sikio lake la kulia,
"panapoamua kipi kiitwe kipo.
Hapo damu imeziba kama mtaro wa Jangwani."

Nikauliza, kwa hiyo upande ule anaona giza?
"Giza ni kitu. Giza angelilalamikia.
Wewe, nyuma ya kisogo chako, sasa hivi, unaona nini?"

Nikatafuta. Sikuona hata weusi.

Nyumbani ananyoa shavu moja.
Wali anaula hadi katikati ya sahani,
mstari umenyooka kama kaupiga kwa rula,
kisha ananiambia, Tatu, leo umesahau mchicha.
Nazungusha sahani.
"Ahaa," anasema, "umeniongeza."

Usiku mmoja umeme ulikatika. Nikamwambia:
Simama Msimbazi, ingia Narung'ombe,
nisomee mabango yako kwa kichwa.
Akatembea gizani, kidole hewani:
kinyozi, vitenge, Mpemba wa mikeka, fundi cherehani.
Yote ya mkono wa kulia. Mkono wa pili
mtaa haukujengwa.
Nikasema, umefika mwisho, Kondo. Geuka, rudi.
"Loo!" Akaanza: meno ya bandia, saa,
magodoro, yule Mhaya wa fremu za picha
ambaye hadi leo hajamalizia elfu nane zangu.

Basi yapo. Hata deni lipo.
Nililia kwa furaha, kisha nikalia tu,
maana nani ataigeuza Dar es Salaam nzima
kila mtu huyu anapotaka kuiona?

Nimekuwa nikiiwaza lugha yetu nikichambua mchele.
Kukataa kwake kunakaa mbele, kushoto kabisa,
kama askari getini: Hatukopeshi. Usiegeshe. Haiuzwi.
Mwondoe askari,
kila ukuta wa mji huu unakukaribisha ndani.
Miaka yote Kondo kapata riziki kwa kuandika makatazo ya watu wengine,
sasa hana hata moja.
Wanakuja wajanja kumkopa, anawapa.

Nami nimelala kushoto kwake miaka ishirini na mitatu,
upande wa ukuta, kwa sababu yeye huamka kabla ya adhana.
Sasa huniita usiku, Tatu, Tatu we,
na pumzi yangu iko shingoni mwake.
Dakta anasema, kaa kulekule, mlazimishe akutafute.
Wifi yangu Mwanahawa anasema, hamia kulia, usimtese kaka yangu.
Kwa chakula nimehamia.
Kwa kulala, bado.

Jana alfajiri mkono wake mzima ukatambaa shukani,
ukakutana na ule mwingine, ukashtuka.
"Huu mkono wa nani?"
Ningesema wako. Dakta aliniagiza niseme wako.
Nikauinua, mzito, wa uvuguvugu,
nikauvusha kifua chake hadi kule aliko na macho.
"Wangu," nikasema.

Akaukagua kucha kwa kucha,
nyekundu ya Buguruni ingali imeganda.
"Mwanamke una rangi hivi," akasema,
"utanichafulia shuka. Kaunawe na mafuta ya taa."